Mwenzi wa Heroe Namba 492



Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la heroe lililetwa kutoka Tanzania mpaka bustani ya wanyama ya Sedgwick County, katika mji huu huu wa Wichita tunamoishi. Heroe ndio ndege ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo: miguu mirefu myembamba, shingo ndefu, mdomo uliopinda, manyoya ya rangi ya waridi. Walioletwa walikuwa heroe wakubwa, ambao weupe wao umeguswa tu na waridi, na walifika wakiwa wamekwisha kukomaa. Kila mmoja alikuwa na pete ya namba mguuni. Kwa kuwa bustani haikuwapa majina, ndege ninayetaka tumtafakari wiki hii anajulikana kwa namba yake tu, 492. Ninyi mliokaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi mnajua maana ya kuitwa kwa namba ya kadi kwenye foleni ya posho, kwa hiyo hilo sina haja ya kulieleza.

Katika bustani nyingi za wanyama uwanja wa heroe hauna paa. Kinachowazuia wasiondoke ni mabawa yao wenyewe. Kinda anayezaliwa bustanini mara nyingi hukatwa ncha ya bawa moja akiwa bado mdogo sana, asiweze kuruka maisha yake yote. Kumfanyia hivyo ndege mzima ni ukatili, na hao wa kutoka Tanzania hawakufanyiwa. Walipunguzwa manyoya ya kurukia tu, jambo lisilouma, sawa na kukata nywele. Lakini manyoya huota upya, na lazima yapunguzwe tena na tena. Mwezi Juni 2005, siku ya upepo mkali, manyoya ya heroe wawili yalikuwa yameshaota bila mtu kugundua. Upepo wa Kansas mnaujua. Uliwainua.

Wawili hao, 492 na mwenzake 347, mwanzoni hawakwenda mbali. Walitua kwenye mfereji wa maji hapa mjini wakakaa karibu wiki nzima, na kila walipokaribiwa waliruka. Mwanzoni mwa Julai ikaja dhoruba ya radi, na baada ya dhoruba hawakuwepo tena. 347 alionekana Agosti huko kaskazini, kwenye Ziwa Michigan, kisha hakuonekana tena. Nchi ile wakati wa baridi si nchi ya heroe. 492 alielekea kusini, na baada ya karibu kilomita elfu moja akafika pwani ya Texas, penye joto na maji ya chumvi. Bustani iliamua kumwacha huko, maana kumkamata kungewasumbua ndege wengine wa pwani ile.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama habari ya uhuru, na furaha hiyo siikatai. Lakini nimewatazama mara nyingi heroe walioko bustanini, nikiwa na watoto wetu wa Shule ya Jumapili, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoamini kwamba kwa ndege wa namna hii kuvuka uzio ni nusu tu ya safari. Heroe aliye huru na peke yake bado ana shida kubwa.

Mkienda huko msipite haraka kuwahi tembo. Simameni penye uzio nusu saa. Katika msimu wao mtaona kundi likianza kutembea pamoja kuelekea upande mmoja, shingo zimenyooka, vichwa vikigeuka kushoto na kulia upesi upesi, kisha ghafla wote wanageuka na kurudi walikotoka. Mmoja anakunjua mabawa, weusi uliofichwa ndani unaonekana, na wa pili naye anakunjua, na wa tatu. Hiyo ndiyo ngoma yao ya kutafuta wenzi, na si ngoma ya wawili. Heroe huzaa katika umati. Kule Tanzania, kwenye Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, ndiko wanakoanguliwa takriban robo tatu ya heroe wote wa aina ndogo duniani, juu ya matope ya magadi yasiyokanyagika. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuyavuka kwa miguu afike penye viota, na magadi yakamuunguza miguu vibaya sana. Fisi na mbweha hawathubutu kufika huko. Kila jozi hujenga kichuguu kidogo cha matope, hutaga yai moja tu, na baba na mama hulilalia kwa zamu.

Hapa naomba tukae kidogo. Kinda akishaanguliwa, wazazi wote wawili humlisha maziwa yanayotengenezwa ndani ya koo, maziwa mekundu, yenye mafuta mengi na protini. Wekundu huo ni ile ile rangi ya manyoya yao. Heroe hazaliwi nayo. Huipata katika chakula, katika uduvi na mwani, na ndiyo maana zamani heroe wa bustani za wanyama walikuwa wakipauka, mpaka walezi walipojifunza kuwatilia rangi hiyo kwenye chakula. Basi mzazi anapolisha, rangi inamtoka. Anapauka siku hadi siku, na anayejua kutazama anaweza kumtambua kundini yule anayelea kwa weupe wake tu. Kinda mwenyewe bado ni wa kijivu, na itapita miaka miwili au mitatu kabla waridi halijamkolea.

Nawafikiria akina mama wa kanisa letu wanaofanya zamu ya usiku kwenye viwanda vya nyama, wanarudi alfajiri kuwaandaa watoto kwa ajili ya basi la shule, na mshahara ukiingia sehemu yake inakwenda Uvira au Kasulu kabla haijanunua kitu hapa. Nawafikiria akina baba waliokuwa walimu na waganga huko tulikotoka, ambao leo wanasukuma mikokoteni ghalani. Nimewasikia vijana wakisema, mama amezeeka ghafla tangu tufike Marekani. Wanangu, mama yenu hajazeeka. Rangi yake imo ndani yenu, ingawa bado haijaonekana, na mtu anayepauka kwa kulisha hapaswi kuonewa aibu wala huruma ya mbali. Anahitaji kupokewa zamu. Heroe huifanya kazi hiyo wawili wawili, na makinda wakishapata nguvu hukusanywa pamoja katika kundi kubwa la watoto, chini ya macho ya wakubwa wachache, ili wengine waende wakale. Mzazi akirudi huita, na kati ya makinda wengi humtambua wake kwa sauti. Kwa kawaida kinda halishwi na jirani, lakini kila kinda analindwa na jirani.

Je, bustani yenye heroe wachache hufanyaje? Kundi likiwa dogo ngoma haikolei, na ngoma isipokolea hakuna mayai. Baadhi ya bustani zimesimamisha vioo vikubwa kando ya bwawa. Ndege wanaona wengi mahali walipo wachache, wanachangamka, wanaanza kutembea ule mwendo wao, shingo juu. Kwa hiyo siwezi kusema kioo hakina faida. Kinaamsha kitu kilicholala.

Sisi nasi tuna vioo, na kikubwa kuliko vyote tunakibeba mfukoni. Jioni nzima mtu yuko Bukavu, yuko Kigoma, yuko kwenye harusi ya binamu, anasikiliza mahubiri ya mchungaji wa nyumbani, anacheka kwa lugha yake. Sikemei jambo hilo hata kidogo. Wapo kati yenu ambao simu ile iliwaokoa akili katika mwaka wa kwanza, na mimi ni mmoja wa walioshukuru. Lakini ndege wa kwenye kioo hapigi kelele mbwa akija. Hapokei zamu. Mmoja wetu aliugua ndani ya nyumba yake msimu wa baridi uliopita. Watu wengi wa kundi lake la WhatsApp walimtumia pole, nao walimaanisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namna ya kumfikishia uji. Aliyegonga mlango alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja wa Kivietinamu, ambaye hana lugha hata moja ya pamoja na mgonjwa. Alileta mchuzi wa moto, akakaa kitini mpaka bakuli likaisha.

Huko Uingereza kuna hifadhi ya ndege wa majini iitwayo Slimbridge, iliyoanzishwa na Peter Scott mwaka 1946. Mtafiti Paul Rose na mwenzake walitumia kumbukumbu za heroe wa pale kuanzia 2012 hadi 2016, nani anasimama karibu na nani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Heroe wana marafiki. Si wenzi wa kuzaa peke yao: wapo dume na dume, jike na jike, wapo watatu, wapo wanne, wanaoonekana pamoja mwaka baada ya mwaka. Tena wapo wanaoepukana. Ndani ya kundi lile lile, kwenye bwawa lile lile, heroe anajua asimame wapi ili asiwe karibu na fulani.

Habari hiyo ilinipa nafuu kama mchungaji. Tumejibebesha mzigo ambao Bwana hakutubebesha, wa kudhani kwamba katika kanisa zuri kila mtu ni rafiki wa karibu wa kila mtu, na kwamba asiyejisikia hivyo ana dhambi ya kutubu. Sivyo. Hata Yesu alikuwa na thenashara, na ndani ya thenashara alikuwa na watatu. Kuna ndugu humu ambaye ukikaa naye dakika kumi mtagombana. Kaa safu nyingine, msalimie kwa heshima, umwombee, ule naye mkate na kikombe. Ninachokataa ni kuhama bwawa. Tangu mwaka jana familia zimeondoka kwetu kwa sababu ya maneno ya kwaya, zikaenda kuabudu sebuleni, watu sita, wa ukoo mmoja. Nawaambia kwa upendo: rudini msimame upande wa pili.

Turudi kwa 492. Alipofika pwani ile ya kusini hakuwa na mtu wa kwao. Heroe wa aina yake huishi Afrika, kusini mwa Ulaya na sehemu za Asia, na kati yake na hao palikuwa na bahari nzima. Kama angesubiri wa aina yake angesubiri mpaka kufa. Mwaka 2006 akaonekana akiwa na mwenzi. Mwenzi huyo alikuwa heroe wa Karibiani, wa aina nyingine kabisa, mwekundu wa kukolea, aliyevishwa pete akiwa kinda katika rasi ya Yucatán, nchini Mexico. Huyu katoka kwenye uzio wa Kansas, yule kavuka Ghuba ya Mexico. Wakaanza kutembea katika maji yale yale, wakichota chakula kwa midomo iliyopinduliwa kichwa chini, na waliendelea kuonekana pamoja hadi mwaka 2013. 492 mwenyewe alionekana tena Machi 2022 karibu na Port Lavaca, Texas, na idara ya wanyamapori ya jimbo ikathibitisha kuwa ndiye.

Huko Australia, katika bustani ya wanyama ya Adelaide, heroe wawili waliishi hivyo hivyo miaka mingi. Mmoja alikuwa heroe mkubwa, mwingine heroe wa Chile, na nchi nzima haikuwa na heroe wengine. Yule mkubwa alikufa Januari 2014, umri wake ukikadiriwa kuwa angalau miaka 83. Mwenzake akafuata mwaka 2018. Nadhani si bahati tu kwamba waliishi sana.

Nikisoma habari hizi namwona Naomi. Njaa ilimtoa Bethlehemu, Moabu ikamzikia mume na wana wawili, na aliporudi nyumbani wanawake wa mji wakamzunguka wakiuliza kama ndiye. Akawaambia kwamba aliondoka amejaa, na Bwana amemrudisha hana kitu. Soma tena mahali hapo, mwishoni mwa sura ya kwanza ya kitabu cha Ruthu, halafu jiulize mkwewe Ruthu alikuwa amesimama wapi wakati maneno hayo yanasemwa. Alikuwa hapo hapo, kando yake, vumbi la njia moja miguuni. Naomi hakumhesabu. Hakumhesabu kwa sababu alikuwa akihesabu wa nyumbani kwake, na Ruthu alikuwa Mmoabi.

Simlaumu. Maombolezo yana macho yake. Wengi wetu tukiulizwa leo tunaye nani hapa Marekani tutajibu hatuna mtu, na tutakuwa tunasema hivyo huku mtu amesimama kando yetu ameshika mfuko wetu wa sokoni. Tunamaanisha hatuna wa kwetu.

Na angalieni jambo hili, maana wapo wanaoogopa kwamba kuambatana na wageni ni kujipoteza. Kitabu cha Ruthu hakichoki kumwita Mmoabi. Anaitwa hivyo akienda kuokota masazo shambani, na Boazi anamwita hivyo tena mbele ya wazee langoni, siku anayotangaza kumwoa, ingawa Torati ilikuwa na maneno makali juu ya Wamoabi kuingia katika kusanyiko. Hakuna aliyemtaka aache kuwa mtoto wa Moabu ndipo apendwe. Heroe wa Tanzania hakugeuka mwekundu kwa kutembea na mwekundu wa Mexico. Picha zipo: mmoja amepauka, mmoja amekolea, na mtu aliye mbali kabisa anaweza kusema yupi ni yupi. Watoto wetu watakula tortila shuleni na ugali nyumbani, na hawatakuwa wamepotea. Waliopotea ni wale wasio na mtu wa kula naye popote.

Sasa nasema lililo moyoni mwangu tangu niliposoma habari ya ndege hawa wawili. Jengo tunamoabudu si letu peke yetu. Sisi tunatoka saa saba mchana, na saa nane wanaingia ndugu zetu wa usharika wa Kihispania, wengi wao watu wa Mexico na Guatemala. Tunapishana mlangoni. Tunatabasamu, tunasukuma viti, tunachukua ngoma zetu, tunaondoka. Wao wanajua nini maana ya kutuma pesa kwa mama, kusubiri barua ya uhamiaji, kuogopa bahasha. Wanajua kuzika ndugu kwa njia ya simu. Hatujawahi kula nao hata mara moja.

Nimezungumza na mchungaji wao, naye alikuwa akiliwaza jambo hilo hilo. Jumapili ijayo hatutaondoka saa saba. Umoja wa wanawake umekubali kupika wali, samaki na sombe. Wao wataleta tamales na maharage. Kwaya yetu itaimba nyimbo mbili, yao mbili, kisha tutaomba, kila mmoja kwa lugha yake, kwa wakati mmoja, na Mungu hatachanganyikiwa. Wale mnaofanya kazi nao bega kwa bega viwandani na mmeokota Kihispania kidogo, nawajua, msijifiche. Nitawaomba mkae meza tofauti tofauti badala ya kujikusanya meza moja. Watoto hawatahitaji mkalimani. Kuna mzee mmoja wa kwao, mjane, ambaye hufika nusu saa kabla ya ibada na kukaa kwenye gari lake mpaka tutoke. Nataka vijana wawili wamfuate garini mapema wamlete ndani.

Tunapungukiwa meza za kukunja. Aliye nazo nyumbani amwone mzee wa kanisa Jumatano baada ya maombi, na aandike jina lake chini ya meza ili zisipotee.